Ndoo Yenye Sura ya Nduta

Mzee Hezekiah alikuwa hali kuku, na Mukurweini nzima ilijua. Baba yake alimfundisha kwamba kuku kazi yake ni kuamsha watu, na kwamba mwanamume mzima akionekana anang'ata paja la ndege, ni heri avae rinda. Wenzake wa rika walikuwa wameyatupa mafundisho hayo siku nyingi, wakala kuku na kulamba vidole. Hezekiah peke yake ndiye aliyeng'ang'ana nayo, mzee wa kanisa asiyekosa ibada, mkaidi kama nini.

Kanisani jambo hilo likawa kichekesho chenye faida. Kila harambee, mnada wa ndizi na mayai ukishachangamka, lazima mtu angeinuka aseme, "Natoa mia tano mzee Hezekiah ale kuku mbele yetu!" Na desturi ya minada ya kanisa huku kwetu ni hii: ukilipiwa ufanye jambo na hutaki, unatoa zaidi ya alichotoa mwenzako, ndipo unaachwa. Hezekiah alijikomboa kila mwaka. Alilipa, akachekwa, akaketi na heshima yake. Mkewe Beth, aliyekamua ng'ombe na kubeba mitungi hadi kwenye gari la maziwa, alijua vizuri heshima hiyo ilitoka mfuko gani, lakini hakuwahi kulalamika. Mume asiye na ukaidi hata mmoja, alisema Beth, huwa ana mwingine mbaya zaidi ameuficha.

Basi fikiria mzee wa namna hiyo amekwenda Nyeri mjini kununua dawa ya kupe, anainua macho barabarani, na anamwona binti yake mwenyewe, mkubwa kuliko nyumba, ameshika paja la kuku.

Alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuvua kofia.

"Mama Nduta," alisema, "nimeona Maitu."

Maitu kwa Kikuyu ni mama yangu. Nduta lilikuwa jina la mama mzazi wa Hezekiah, na mtoto aliyepewa jina la nyanya yake hupewa na heshima yake. Lakini ilikuwa imepita miaka miwili bila Hezekiah kumwita hivyo. Tangu Nduta ajiunge na Theluji, lile kundi la wasichana wanne waimbao na kucheza, baba yake alizima redio kila waliposikika. Watu wakimuuliza msichana yuko wapi, alisema anasomea kompyuta Nairobi.

"Umemuona wapi?" Beth aliuliza, mwiko mkononi.

"Juu. Kwa bango. Yeye na wale wengine watatu. Wamevaa manyoya meupe, na wameshika kuku."

Beth alingoja dhoruba. Haikuja.

"Imeandikwa Ndoo ya Theluji. Ni ile hoteli mpya ya kuku, Kuku Pap. Mama Nduta, unajua bango kama hiyo ni pesa ngapi? Hata mbunge hana bango kama hiyo, labda wakati wa kura." Alivua kofia akaiweka gotini. "Watu walikuwa wanapiga picha. Mimi nikaambia mmoja, huyo wa pili ni wangu. Akanisalimia kwa mkono mbili."

Na mzee akatabasamu. Beth alifurahi, uongo dhambi. Alifurahi kwa sababu kwa miaka miwili alikuwa akiongea na mtoto wake kwa simu nje, kando ya zizi, kama mwizi. Lakini chini ya furaha hiyo alihisi kitu kinamkwaruza.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mathenge aliwafuata mpaka langoni. Mathenge alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu wa maneno laini na haraka nyingi, na jumba la watoto wa Sunday school lilikuwa limesimama mwaka mzima bila paa.

"Mzee wa kanisa," alisema, "tumeona Mungu ametubariki na mtoto. Kamati ilikuwa inataka kualika mheshimiwa kwa harambee, lakini hawa waheshimiwa wanakuja na ahadi na kurudi nayo. Si mtoto wetu mwenyewe akuwe mgeni wa heshima?"

"Tumuulize kwanza," Beth alisema.

Hezekiah alikuwa ameshanyoosha mgongo. "Atakuja," alisema. "Na hawezi kuja mikono mitupu."

Sasa, mgeni wa heshima huku kwetu haitwi kula na kupiga makofi. Anakuja na bahasha yake na bahasha za marafiki zake, na kilichomo kinatangazwa kwa maikrofoni. Beth aliangalia lile jumba lisilo na paa, na hofu yake haikuwa ya mabati. Mabati yangepatikana mwaka huu au mwingine. Hofu yake ilikuwa Nduta. Msichana akiaibika mbele ya kanisa lile, hatarudi tena nyumbani, na baba yake, kwa jinsi nilivyomweleza, si mtu wa kumfuata.

Beth alipompigia simu, Nduta alisema, "Baba amesema hivyo? Ati mimi?" Sauti yake ilikuwa na furaha na hofu pamoja, na Beth hakuipenda. Aliposikia kwamba Theluji wangekuja Nyeri kutumbuiza mbele ya duka la Kuku Pap siku ya Jumamosi, alimwambia mumewe kwamba anakwenda kuangalia bei ya mbolea. Akatia ndizi mbivu na mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, kwenye kiondo, akaenda.

Mtaa ulikuwa umejaa. Vijana walishika ndoo za karatasi zenye sura za wasichana, na spika zilipiga wimbo wao wa tangazo la Kuku Pap, ule wa ndoo, mpaka vioo vya duka la jirani vikatetemeka. Jukwaani, kwenye jua kali la adhuhuri, wasichana wanne walicheza wamevalia makoti ya manyoya. Beth alimwona wake mara moja. Alikuwa amekonda. Kwenye bango mashavu yalikuwa yamejaa. Sijui walijaza na nini.

Alijaribu kusogea mbele, na mlinzi akanyoosha mkono.

"Mama, hapa ni wa ndoo. Uko na ndoo?"

"Mimi ni mama yake. Huyo wa pili."

"Tangu asubuhi wewe ni mama wa tatu," mlinzi alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameajiriwa, na jua lilikuwa likimchoma yeye pia. "Nunua ndoo, utaingia. Hata ile ndogo."

Beth alipanga foleni na watoto wanaoweza kuwa wajukuu zake. Alilipa. Alipopewa ndoo akaigeuza, akaona sura ya msichana mwingine, yule mwenye pete ya pua.

"Samahani, mwanangu," alimwambia wa kaunta. "Nibadilishie. Mimi nataka huyu mwingine, Nduta."

"Hatuchagui, mama. Unapata ile umepata. Ukimaliza kukusanya wote wanne ndio unapata tiketi ya shoo."

"Mimi sitaki tiketi. Nataka tu mtoto wangu."

Nyuma yake watu walicheka, si kwa ubaya, na foleni ikamsukuma pembeni. Alisimama pale na ndoo ya mtoto wa mtu, na akaona aibu ambayo hangeweza kumwelezea mtu yeyote, kwa maana hakuna aliyemkosea.

Nduta alimwona kutoka jukwaani. Walipopumzika alimvuta hadi nyuma ya duka, kwenye mitungi ya gesi na mapipa ya mafuta yaliyotumika. Alikuwa akitokwa jasho ndani ya yale manyoya. Hata kabla ya salamu kuisha aliangalia ndani ya kiondo.

"Mami, umebeba ndizi?"

Alikula mbili bila kuketi, kisha akaanza mukimo kwa vidole. Beth alimwachia.

"Hawawapi chakula?"

Nduta alicheka, mdomo umejaa. "Chakula? Mami, hiyo ndiyo tunapewa. Ndio mshahara." Alitoa kwenye mfuko wa koti kadi nyekundu yenye picha ya jogoo. "Tulilipwa mara moja, mwanzo. Meneja akatoa yake, nguo zikakatwa kwetu, mwalimu wa kudansi akakatwa kwetu. Ile ilibaki nikalipa nyumba kidogo tu. Sasa niko na hii kadi. Kila siku ndoo moja, tawi lolote, mpaka promosheni iishe. Nakula kuku asubuhi, nakula kuku jioni. Zingine nauzia majirani nipate ya unga."

"Na si muimbe kwingine? Kwa harusi, kwa nini?"

"Haturuhusiwi. Ule wimbo si wetu tena, mami. Ni wao. Tukiimba mahali hapana Kuku Pap, tunashtakiwa. Tulitia sahihi." Aliangalia vidole vyake. "Tulikuwa tunaruka kwa furaha, hatukusoma mpaka mwisho."

Beth alimfuta jasho usoni kwa leso. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeambia baba." Nduta alijifuta mdomo kwa mkono wa koti jeupe, akaacha doa. "Mami, tangu aone hiyo bango ananipigia simu. Yeye mwenyewe. Ananiita Maitu. Unajua ni lini mara ya mwisho aliniita hivyo? Sasa nimwambie nini? Ati Maitu wako analipwa na mapaja?"

"Basi usikuje hiyo harambee. Nitasema uko na kazi."

"Nisipokuja atasema nimemdharau mbele ya kanisa, na itakuwa kweli." Meneja alikuwa akipiga kelele ndani. Nduta alimkumbatia mama yake, manyoya yenye joto na harufu ya mafuta ya kukaangia. "Nitakuja na kile niko nacho. Lakini usimwambie. Tafadhali, mami."

Beth alirudi Mukurweini na ndoo imefungwa ndani ya karatasi. Aliwapa watoto wa jirani kuku, akaitupa sura ya yule mwingine kwenye shimo la taka, kisha akajuta akaiokota akaiweka ghalani. Naye alikuwa mtoto wa mtu.

Kuna wiki ambazo mtu huziona zikimjia kama ng'ombe aliyekata kamba. Hezekiah alipeleka koti lake kwa fundi likazwe vifungo. Alienda kwa kinyozi. Jioni, akidhani hakuna anayemsikia, alisimama sebuleni akajizoeza: "Ndugu zangu, sina mengi. Nataka tu kuwatambulishia mtoto ambaye..." Hapo alikwama kila mara, akaanza upya.

Beth alisimama mlangoni na taulo la vyombo.

"Baba Nduta. Hata kama hana kitu, si ni mtoto tu?"

Mzee aligeuka. "Kwani amekuambia hana kitu?"

Neno lilikuwa mdomoni mwa Beth, limefika kwenye meno. Akamwona alivyosimama, kichwa kimenyolewa upya, mkono bado umenyooshwa kuelekea mgeni asiyekuwepo.

"Nasema tu," alijibu, akarudi jikoni.

Lilikuwa kosa, na alijua ni kosa. Wanawake wengi wa huku wamelifanya: kumlinda mume na habari mbaya mpaka habari yenyewe imkute mbele za watu.

Siku ya harambee hema lilisimamishwa pembeni mwa lile jumba lisilo na paa. Watoto walipangwa barabarani kupokea gari la mgeni. Yalipita magari mawili ya watu wengine, nayo yakaimbiwa bure. Kisha ikaja bodaboda, na juu yake msichana mwenye rinda refu la buluu na kitambaa kichwani, amekumbatia gunia.

"Gari iko wapi?" mtoto mmoja aliuliza kwa sauti.

"Imeenda kuosha," Nduta alisema, akamlipa mwenye pikipiki.

Hezekiah alimpokea kwa mikono yote miwili. "Maitu," alisema. Ile hotuba aliyojizoeza yote haikuhitajika. Alimshika mkono akampeleka hadi kiti cha mbele, kilichovalishwa kitambaa cheupe, na njiani akamtambulisha kwa kila mtu, hata kwa waliomwona akizaliwa. Kama siku ingeishia hapo, wote watatu wangekumbuka siku njema.

Mathenge aliita mgeni wa heshima atoe mchango wake. Nduta alitembea mbele, akaweka bahasha kwenye kapu, akafungua gunia na kupanga mezani ndoo nne za Kuku Pap. Mathenge alifungua bahasha, akahesabu, akatia vidole tena ndani, kisha akaitikisa kidogo, kama mtu anayetafuta chenji iliyokwama.

"Mgeni wetu wa heshima," alitangaza, "elfu mbili... na kuku."

Makofi yalipigwa. Lakini kuna makofi na makofi, na hayo yaliisha upesi. Mke wa Mathenge, safu ya nyuma ya Beth, alinong'ona bila kushusha sauti, "Kumbe ni kuku tu." Hezekiah hakugeuka. Shingo yake, pale kinyozi alipopitisha wembe, ilikuwa imebadilika rangi.

Walianza mnada mapema kuliko ilivyopangwa, nadhani ili kuziba ukimya. Dalali alikuwa mwalimu Njeru, mtu wa Embu aliyeoa huku, mwenye ulimi ambao ungeuza mvua kwa mtu aliyelowa. Aliuza mkungu wa ndizi, akauza trei ya mayai ya mama Njoki mara tatu, maana kila aliyeinunua aliirudisha iuzwe tena. Ndipo akainua ndoo yenye sura ya Nduta.

"Hii si kuku, ndugu zangu! Hii ni uso! Ukinunua hii unaenda nayo nyumbani, watoto wanakusalimia vizuri! Nani ananipa elfu?"

Ndoo ilinunuliwa ikarudishwa, ikanunuliwa ikarudishwa. Watu walianza kucheka vizuri. Nduta pia alianza kutabasamu, na Beth akaanza kuvuta pumzi. Hapo ndipo Theuri alipoinuka. Theuri aliuza mabati na misumari sokoni, na alikuwa ametoa bahasha nene kuliko ya mgeni wa heshima, jambo lililokuwa limemkalia vibaya.

"Mwalimu," alisema, "mimi natoa elfu tano mgeni wetu atuimbie ule wimbo wa ndoo. Hapa, saa hii. Tumeusikia kwa redio mpaka ng'ombe wanaujua. Tuusikie kwa mwenyewe."

Hema lilishangilia. Mchungaji alitafakari kidogo akasema wimbo wa kuku si dhambi, na watoto wakapiga mayowe. Njeru alimpelekea Nduta maikrofoni.

Nduta alisimama. "Nashukuru, mzee Theuri. Lakini huo wimbo siwezi."

"Anaona haya!" mtu alisema.

"Basi ajikomboe!" Theuri alisema, akicheka. "Desturi ni desturi. Elfu sita, na tunamuacha. Mtu wa bango atashindwa na elfu sita?"

Beth alikuwa ameshafungua pochi, akijua bila kuangalia kwamba zilizomo hazitoshi. Aliinuka hivyo hivyo. Nduta alimwona akamtikisia kichwa: hapana.

"Sina," Nduta alisema.

Maikrofoni ililibeba neno hilo mpaka barabarani.

"Sina elfu sita. Na kuimba siruhusiwi, wimbo ulinunuliwa na hoteli. Nikiuimba hapa wananishtaki." Aliongea polepole, akiangalia meza, si watu. "Hata pesa ya hiyo bango si yangu. Tulilipwa kidogo, ikaisha. Saa hii wananilipa na chakula. Hizo ndoo ndizo mshahara wangu wa siku nne. Nilikuwa naziweka kwa friji ya jirani nizilete hapa, kwa sababu baba alisema nisikuje mikono mitupu." Kisha akasema kwa Kikuyu, kwa sauti ndogo, "Nisamehe, baba."

Hakuna aliyecheka. Theuri aliketi. Mtoto alikohoa mahali fulani, na upepo ukainua pembe ya hema ukaishusha. Beth hakumwangalia binti yake. Alimwangalia mumewe, kwa sababu alikuwa ameishi naye muda wa kutosha kujua kwamba yote sasa yalikuwa kwake. Hezekiah aliinuka. Akachukua kofia yake kitini, na Beth akafikiri: anaondoka. Anapita pale mlango wa hema, anakwenda nyumbani, na mtoto huyu sitamwona tena mpaka nizikwe.

Mzee aliweka kofia yake juu ya kiti, kama mtu anayeshika nafasi, akatembea mbele. Alimpokonya Njeru maikrofoni. Hakuwa ameizoea, aliishika karibu mno.

"Theuri. Umelipia mtoto wangu aimbe. Desturi ni desturi, ni kweli. Mimi sina elfu sita. Leo hata mia sita sina, nilishonea koti." Watu wachache walicheka, kwa woga. "Lakini niko na kitu mmekuwa mkiitaka miaka hii yote."

Aligeuka mezani. Ndoo zilikuwa nne, akazizungusha moja moja mpaka akapata yenye sura aliyoitaka. Akaifungua kifuniko.

"Nani anataka kuniona nikikula kuku?"

Hema lilichukua muda kuelewa. Kisha likalipuka. Mama Njoki ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alipanda juu ya kiti na noti mkononi, yeye na umri wake, akipiga vigelegele. Wazee wa rika la Hezekiah, waliomdhihaki tangu ujana, walikuja mbele wakipapasa mifuko, wengine wakikopeshana. Njeru alipata maikrofoni yake tena lakini hakuwa na la kuuza; watu walikuwa wanatupa kapuni wenyewe. Theuri alikuja wa mwisho. Aliweka zile elfu tano, akaongeza na elfu moja juu yake.

"Hiyo ni ya kumkomboa msichana," alisema, bila kumwangalia mtu. "Wacha nisiwe na deni."

Hezekiah alichukua paja. Aliligeuza akalitazama pande zote, kama mtu anayenunua ndama. Beth, aliyejua jinsi mumewe alivyokuwa akiongea juu ya baba yake, hakucheka. Mzee aliuma. Akatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu, hema zima limekaza macho kwenye taya zake, akameza, akauma tena, mpaka akafika mfupa. Alikula lote. Hakuna aliyemwomba ale lote.

Kisha akamgeukia Nduta. Alisahau kwamba maikrofoni bado iko karibu.

"Maitu. Hii ndio unakula kila siku?"

"Ndio, baba."

Alitafakari. "Ni mbaya," alisema.

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi sokoni, na Nduta alicheka pia, akilia, mikono imefunika uso ule ule uliokuwa kwenye ndoo. Baba yake alimwekea mkono kichwani, mkono wenye mafuta, juu ya kitambaa safi, na hakuuondoa.

Nyumbani walikula maharagwe meusi ya njahi na viazi. Nduta aliongezewa mara mbili na hakuna aliyesema neno juu ya hoteli ya kuku, isipokuwa Hezekiah, aliyelalamika kwamba tumbo lake linawika. Alisema pia kwamba siku ile kadi ikiisha, au hata kabla, nyumba iko na kitanda, na nyimbo zingine zinaweza kutungwa. Aliyasema hayo kwa ukali, kama maneno yote aliyoyamaanisha.

Si kila kitu kilinyooka. Kwenye gari la maziwa Beth aliendelea kusikia mke wa Mathenge akimwita Nduta "mgeni wa mapaja", naye alijifunza kumimina maziwa yake bila kugeuka. Promosheni ilipoisha, bango la Nyeri lilibanduliwa kipande kwa kipande, na vijana wengine watano, wavulana hawa, wakabandikwa wakiwa wameshika soseji. Beth alisimama chini yake siku moja akawatazama, akijiuliza mama zao wako wapi na kama wamelipwa.

Jumba lilipata mabati. Mwaka uliofuata harambee ilikuwa ya madirisha, na Nduta alikuja, amekaa kati ya baba na mama yake kwenye kiti kisicho na kitambaa. Mnada ulipochangamka, mzee mmoja wa nyuma aliinuka kwa mazoea, noti mkononi, akapaza sauti, "Natoa mia tano mzee Hezekiah ale..." Hapo akakumbuka. Alisimama kidogo, hajui aweke wapi mkono wake.

"Malizia," Hezekiah alimwambia, bila kugeuka.

Mzee yule aliitia ile noti kapuni, akaketi kimya.